Nyumba Kuukuu Haitaki Karamu

Masika yakishika, sufuria katika nyumba nyingi za zamani za Dar es Salaam hubadilishiwa kazi. Lile la wali huhamia chumbani kukinga tone linalotoka darini, ndoo ya kuogea husimama koridoni, na beseni la kufulia huwekwa juu ya kabati la nguo, maana huko ndiko kunakovuja zaidi. Mvua ikikatika, vyombo vinarudi jikoni, maji yanamwagwa uani, na habari ya bati inaahirishwa mpaka masika mengine. Ukipita Ilala, Magomeni, Temeke au Buguruni mwezi wa Aprili utayakuta haya nyumba kwa nyumba, na ukiuliza utapewa jibu lile lile: tunasubiri hela ya kukarabati. Hela yenyewe, kwa hesabu za wenye nyumba, ni kubwa. Bati jipya paa zima, kenchi mpya, lipu, rangi, vigae, na ikiwezekana madirisha ya alumini. Mwaka jana haikupatikana, mwaka huu haijapatikana, na wakati inasubiriwa, tundu la msumari mmoja limekwisha kuozesha papi tatu.

Msimamo wangu ni kwamba nyumba zetu za zamani zinakufa zaidi kwa sababu ya namna tunavyolifikiria suala la kuzitunza, kuliko zinavyokufa kwa umaskini wetu. Tunakarabati kama tunavyofanya harusi: kwa kamati, kwa michango, kwa kishindo, mara moja katika umri, kisha tunakaa miaka tukilipa madeni. Nyumba kuukuu haihitaji karamu. Inahitaji kile ambacho familia hukipata kila jioni, yaani chajio: chakula kidogo, cha kilichopo, kisicho na mgeni wa kushuhudia, lakini kisichokosekana. Na uhusiano huu unakwenda mbali zaidi ya mfano. Chakula cha usiku na matunzo ya nyumba hutoka katika mfuko mmoja, hugombania saa zile zile za jioni, na aghalabu huwa mikononi mwa watu wale wale. Anayekosea kimoja hukikosea na cha pili.

Lita 120,000 kwa mwaka

Tuchukue nyumba ya Kiswahili ya kawaida, ile ya vyumba sita vinavyotazamana, vitatu kulia na vitatu kushoto, korido katikati, baraza mbele, na uani nyuma penye jiko, bafu na choo. Tuseme paa lake lina mita 10 kwa 12. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hilo halina ubishi. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kuipata kwa siku moja ya masika, humwaga juu ya paa hilo lita 6,000, sawa na mapipa 30 ya lita 200. Kwa mwaka mzima, katika jiji linalopata zaidi ya milimita 1,000, paa hilo hupokea si chini ya lita 120,000. Je, maji hayo yote yanaangukia wapi? Nyumba isiyo na gata huyaangusha chini ya ukuta, pale pale, mwaka baada ya mwaka, mpaka udongo unachimbika, msingi unachungulia nje, na chumvi inapanda ukutani na kubabua rangi hadi usawa wa kiuno. Majirani husema nyumba imezeeka. Haijazeeka, inanyeshewa miguuni.

Zile za zamani zaidi, za miti na udongo zilizopigwa lipu ya saruji kwa nje, zimo hatarini maradufu. Maji yakipenya kwenye ufa wa lipu hayaonekani tena. Udongo unalainika kwa ndani, fito zinaliwa na mchwa, na siku ukuta unapotoa tumbo, kinachousimamisha ni ile lipu tu. Wahenga walituambia nyumba ya udongo haihimili vishindo, lakini kishindo chenyewe si lazima kiwe tetemeko. Huweza kuwa miaka kumi ya kumwaga maji ya kuoshea vyombo mahali pamoja. Juu ya paa nako mambo huanza kwa udogo huo huo: jua linapasua mpira ulio chini ya kofia ya msumari, upepo unaliinua bati kidogo, msumari unalegea, maji yanaufuata msumari mpaka ndani ya mbao. Bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo ni papi, kisha ni kenchi, kisha ni dari lililoanguka juu ya kitanda cha mtoto. Dawa ya hatua ya kwanza ni msumari mmoja, kipande cha mpira, kibonge cha lami na mtu mwepesi wa kupanda ngazi. Dawa ya hatua ya mwisho ni mkopo.

Hata ndani ya nyumba hesabu ni hiyo hiyo. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku, na hata tone likiwa dogo sana, hizo ni zaidi ya lita nne. Maji ya bomba yanalipiwa, kwa hiyo hasara ya kwanza huja na bili. Hasara ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni sakafu ya bafu isiyokauka, mbao za mlango zinazovimba, na bawaba inayokatika kwa sababu mlango sasa unafungwa kwa teke. Kinachotakiwa kubadilishwa ni kipande cha mpira ndani ya koki, na bei yake haifikii sahani moja ya chipsi mayai.

Kwa nini basi hatuzibi? Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua, imechoka kwa kutajwa, na ufa bado upo. Kwa hiyo tuache kujidanganya kwamba watu hawajui. Wanajua, ila matengenezo madogo hayana heshima. Hakuna anayepongezwa kwa kubadilisha mpira wa koki. Anayepaka rangi ukuta wa mbele kuelekea Idi au Krismasi husifiwa na mtaa mzima, hata kama karo la nyuma limejaa na linatoa maji chini ya dirisha la jikoni. Nyumba njema si mlango, wazee walisema, na sisi hela yote tunaimalizia mlangoni. Mafundi nao wamejifunza kutusoma. Ukimwita fundi aangalie bati mbili, atatazama juu, atatikisa kichwa, atakushauri uezue paa lote. Kazi ndogo ataiweka kiporo wiki tatu, maana hailipi nauli yake. Tumekubaliana, mwenye nyumba na fundi, kwamba kazi ya maana ni kubwa, na kwa kuwa kubwa haiwezekani, hatufanyi yoyote.

Jikoni ndiko paa linakolindwa

Katika pwani yetu, mlo mzito wa siku ulikuwa wa mchana. Wali na mchuzi wa samaki vililiwa baada ya adhuhuri, na usiku nyumba iliridhika na kitu chepesi: chai na mkate wa kumimina, muhogo wa nazi, maharage na boflo, au kiporo cha mchana kilichopashwa moto. Watu wa bara nao walikuwa na ugali wa dagaa, mchicha, kunde, mlenda, na makande yaliyowekwa jikoni tangu alasiri. Maisha ya mjini yamepindua ratiba hiyo. Mtu anatoka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri, mchana anakula kwa mama lishe, anarudi saa mbili usiku. Chakula cha usiku kimebaki kuwa mlo pekee wa familia kukaa pamoja, na kwa hiyo tumekibebesha mzigo wote: lazima nyama, lazima wali, lazima kionekane kwamba baba au mama amerudi na kitu. Uchovu ukizidi, vinanunuliwa chipsi kuku na soda. Siwalaumu waliochoka. Nasema tu kwamba familia ya watu watano inayonunua chakula cha jioni barabarani mara mbili kwa wiki inaijua vizuri tofauti kati ya hapo na sufuria la ugali, dagaa wa nazi na matembele. Tofauti hiyo, ikikusanywa mwezi mmoja, inatengeneza vitu vingi kuliko tunavyodhani.

Lakini hela ni nusu ya hoja, na kwangu ndiyo nusu ndogo. Kubwa ni macho. Nani anaiona nyumba? Nyumba ambayo watu wake hurudi kulala tu haina mkaguzi. Chakula rahisi kinachopikwa nyumbani humweka mtu uani na koridoni saa za magharibi, na hizo ndizo saa ambazo nyumba husema siri zake. Baada ya mvua za kwanza za vuli kumbikumbi hutoka jioni na kuizunguka taa. Wakija kutoka nje ni jambo la msimu, lakini wakichomoza kwenye fremu ya mlango au mwanya wa sakafu, hiyo ni taarifa kwamba kichuguu kimo ndani ya nyumba. Aliyekuwa akichambua mchicha hapo uani ataliona hilo. Aliyerudi saa nne na mfuko wa chipsi atafagia mabawa asubuhi na kwenda zake. Vivyo hivyo swichi inayotoa cheche, harufu ya karo linalokaribia kujaa, panya anayekwaruza juu ya dari, ufa ambao juzi ulipitisha ukucha na leo unapitisha kidole. Makande hayataki mtu ayasimamie, yanataka mtu awepo. Uwepo huo ndio ukaguzi ambao hakuna mhandisi atakayekuja kutufanyia bure.

Lazima pia tukiri kwamba jiko lenyewe ni adui wa nyumba likiachiwa. Waliozijenga nyumba hizi waliweka jiko uani kwa sababu: moshi, mvuke na maji vilikaa mbali na vyumba. Sasa, kwa kubanana na wapangaji, kila chumba kina jiko lake la gesi au la mkaa nyuma ya mlango, dirisha limezibwa kwa kabati, na mvuke wa kuchemsha maharage saa mbili unapanda kwenye dari la mbao na kubaki huko. Dari linafanya ukungu mweusi, watoto wanakohoa, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua, jambo ambalo magazeti yanaliripoti mara kwa mara. Chini nako mafuta ya kukaangia yanamwagwa kwenye tundu la maji machafu, yanaganda, karo linaziba, maji yanatafuta njia ya msingi. Ndiyo maana nasema usahili wa chajio una faida isiyotajwa. Vyakula vyetu vyepesi vya jioni, vya kupasha na vya kuchemsha kidogo, haviachi mafuta mengi wala haviuchomi ukuta. Mihogo ya mchana iliyopashwa haijawahi kuziba karo la mtu.

Sasa hela hiyo ndogo inayookolewa kwenye chajio ihifadhiwe vipi isiyeyuke? Kibubu chaweza kutosha, mchezo wa majirani waweza kutosha, akaunti ya simu yaweza kutosha mradi iwe ya nyumba peke yake. Serikali yenyewe imeshatupa somo hapa, labda bila kukusudia. Tangu Agosti 2021, Tanzania Bara, kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilipoanza, nyumba ya kawaida ilikatwa Sh1,000 kwa mwezi badala ya kudaiwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Watu walilalamika, hasa wapangaji waliojikuta wakilipa kodi ya mwenye nyumba, na lalamiko hilo lilikuwa la haki. Lakini zingatia mantiki yake: kile ambacho hakikuweza kukusanywa kwa mwaka kikaweza kukusanywa kwa mwezi, kutoka kwa watu wale wale wenye kipato kile kile. Kama mkusanya kodi ameelewa kwamba kidogo cha kila mwezi hupatikana na kikubwa cha mwaka hukimbiwa, mwenye nyumba anangoja nini?

"Sisi hatuna hata hicho cha kubana"

Pingamizi la kwanza na zito ni hili: unamwambia nani ale chakula rahisi? Wapo wanaokula mlo mmoja, na mlo huo ni ugali na chumvi au chai kavu. Kuwahubiria hao kubana chajio ili wanunue lami ni dhihaka. Nakubali bila kujitetea. Makala haya hayamhusu mtu anayelala na njaa, na anayetaka kuyatumia hivyo ameyasoma vibaya. Yanazihusu kaya za katikati, na hizo ni nyingi, ambazo zina nyumba ya urithi, zina wapangaji wawili au watatu, zina mshahara mdogo au genge, na ambazo hela inapita mikononi mwao kwa mafungu. Tazama kodi ya vyumba. Wenye nyumba wengi mijini hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Fungu hilo likiingia linakutana na ada ya shule, msiba, michango ya send-off na deni la dukani, na ndani ya wiki mbili limekwisha. Miezi mitano inayofuata nyumba haina senti yake. Mpangaji akilalamikia choo anaambiwa avumilie, naye haki anayo, ameshalipa. Tatizo hapo ni kwamba hela ilipoingia hakuna aliyeihesabu nyumba kuwa nayo inakula.

Isitoshe, ucheleweshaji ni ghali zaidi kwa mwenye kidogo. Tajiri akiachia bati livuje ataezua mwakani. Mwenye kipato cha kuungaunga akiachia, atanunua godoro jipya, atatibu kikohozi cha mtoto anayelala kwenye unyevu, atampoteza mpangaji, na bati lenyewe litakuwa bado linavuja. Soko nalo halimlazimishi kununua kwa wingi. Mitaani saruji hupatikana kwa kilo, si lazima mfuko wa kilo 50. Misumari hupimwa kwa robo. Bati huuzwa moja moja, na anayejali atauliza geji, kwa kuwa la geji 28 ni nene kuliko la geji 30 ingawa namba inadanganya. Muuza duka wa Kariakoo amekwisha kuuelewa uchumi wa kidogo kidogo. Sisi ndio tunaona aibu kumwomba kilo tatu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanawake, nalo halijibiwi kwa sentensi moja. Ukisema chajio kipikwe nyumbani na mtu awepo magharibi, unasema mke arudi uani. Kwa kaya zilivyo sasa hofu hiyo ina msingi. Mama anayeuza vitumbua tangu saa kumi na moja alfajiri hawezi kuongezewa cheo cha mkaguzi wa majengo. Lakini hapo ndipo usahili unapomtetea. Chakula cha jioni kinachotarajiwa kuwa na wali, nyama, mchuzi, kachumbari na juisi kinahitaji mpishi wa saa tatu, na katika nyumba zetu mpishi huyo anajulikana jinsia yake. Ugali na maharage yaliyochemshwa Jumapili na kugandishwa, au kama hakuna friji, dagaa waliokaangwa na kitunguu, hiyo ni kazi ya nusu saa ambayo kijana wa kiume wa miaka kumi na minne anaiweza kabisa. Tukiendelea kudai karamu kila usiku tunamfunga mama jikoni. Tukiridhika na chakula chepesi, zamu zinawezekana, na anayesubiri sufuria lichemke anaweza kuwa baba mwenyewe, ameshika bisibisi, anakaza bawaba.

Chokaa, saruji na pupa ya upya

Yupo atakayesema: hizi nyumba zimekwisha, zibomolewe, tujenge za tofali na ghorofa. Hoja hii ina nguvu Kariakoo, ambako thamani ya kiwanja imeshaimeza nyumba, na sitaipinga huko. Kwingineko tujihadhari na imani kwamba kipya ni salama. Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya thelathini. Halikuwa na uzee wa kulaumiwa. Nyumba ya Kiswahili ina kuta fupi, mzigo mdogo, baraza la kivuli, korido inayopitisha upepo kutoka barazani hadi uani. Ikiwa na paa zima na miguu mikavu, haina sababu ya kuanguka. Aliyeibomoa na kujenga nyumba ya vioo sasa ananunua umeme wa feni usiku kucha.

Zanzibar inatufundisha zaidi, kwa uzuri na kwa machungu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, nene kuliko urefu wa mkono hadi kiwiko, na sakafu zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hazina urefu, hufika mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba na virefu. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe kwenye tanuri hadi nyuzi joto 900 hivi, kisha kuyazima kwa maji. Ukuta wake hunyonya unyevu na kuutoa. Miaka ya karibuni watu wamekuwa wakiziba nyufa zake kwa saruji, wakiamini kwamba ngumu ndiyo imara. Saruji hufunga. Unyevu ulio ndani ya ukuta unakosa pa kutokea, unahamia kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, vinaoza pasipo kuonekana, na siku moja sakafu ya juu inashuka. Wenye nyumba wa zamani walikuwa wakipaka chokaa mara kwa mara, aghalabu kuelekea sikukuu, na koti hilo jembamba lilikuwa likijaza nyufa ndogo kabla hazijawa kubwa. Yaani hata urembo wao ulikuwa matengenezo. Rangi zetu za plastiki ni urembo tu, na mara nyingine ni mfuniko juu ya ukuta unaotaka kupumua.

Na kama mtu anafikiri kwamba hela kubwa ikija itarekebisha yote kwa mkupuo, aitazame Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, katika Mji Mkongwe huo huo, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Ukarabati mkubwa ulikuja baadaye, kwa msaada wa serikali ya Oman, na kazi ilikuwa ikiendelea pale Desemba 25, 2020, upande wa jumba hilo ulipoporomoka na kuchukua maisha ya watu wawili. Sababu za kihandisi nawaachia wahandisi. Ninachokisoma humo ni miaka: kati ya onyo la kwanza na maafa ilipita takriban minane. Ikiwa jumba lenye wafadhili wa nje halikuweza kungojea, nyumba ya marehemu babu itangojea nini?

Nyumba ya wote, ufa wa nani?

Kizuizi kikubwa kuliko vyote sikukiweka mwanzo kwa sababu hakina uhusiano na bei ya bati. Nyumba nyingi kuukuu ni za mirathi. Marehemu aliacha watoto saba, Mahakama ya Mwanzo ikamteua msimamizi, mirathi ikafunguliwa na haikufungwa. Mmoja anakaa humo, wawili wanapokea kodi, mmoja yuko Mwanza, mmoja Muscat, na wawili hawasemezani. Kila mmoja anajiuliza: kwa nini nitoe changu kwa nyumba ambayo kesho wanaweza kuiuza? Swali hilo halina ubinafsi wowote, lina akili. Anayekaa humo akiziba paa kwa hela yake, hana ushahidi siku ya mgawanyo. Akidai, ataambiwa alikuwa akiishi bure. Matokeo yake ni kwamba nyumba yenye warithi saba hutunzwa vibaya kuliko nyumba ya mjane mmoja.

Kuwaomba ndugu wapendane hakutoshi. Kinachoweza kufanya kazi ni utaratibu ambao hauhitaji mapenzi. Katika vyumba sita, kimoja kiwe cha nyumba yenyewe: kodi yake, hata kama ndicho kidogo kuliko vyote, isiguswe na mrithi yeyote, iende kwenye misumari, chokaa, koki, kunyonya karo na ujira wa fundi. Fundi mwenyewe awe mmoja anayeijua nyumba, apewe siku yake kila baada ya miezi mitatu, iwepo kazi au isiwepo, ili asilazimike kutafuta sababu ya kuezua. Februari kabla ya masika aangalie paa na gata, Agosti kabla ya vuli aangalie misingi na mchwa. Kila senti iandikwe, risiti ibandikwe, na mtu aliyelipia kitu kwa hela yake aandikiwe jina na kiasi, msimamizi atie saini. Mali bila daftari huisha bila habari, nalo daftari lenyewe halizidi bei ya mkate. Litundikwe koridoni, karibu na mita ya umeme, mahali ambapo mpangaji naye anaweza kuandika kwamba choo kimeziba tangu Jumanne. Ndugu wa Mwanza akipiga simu kuuliza mgawo wake, atumiwe kwanza picha ya kurasa mbili za mwisho, ndipo yaje mazungumzo ya hela.